Kupunguza bugali bila kuumiza moyo: mwongozo kwa jiko la Bukavu

Mtu wa Bukavu akitoka hospitali na karatasi ya tansio (shinikizo la damu) au ya sukari, agizo analolikumbuka mpaka nyumbani ni moja: punguza bugali. Wengi wanatii. Karatasi haisemi nini kijazwe mahali pa bugali, na hapo ndipo mambo yanapoharibika. Bonge linapungua, mawese yanaongezeka, mchopo wa jioni unageuka "dawa" kwa kuwa nyama haina wanga, na baada ya miezi michache mtu amepungua kilo huku kolesteroli yake imepanda. Nguo zinamlegea, majirani wanamsifu, mishipa ya moyo inazidi kuziba.

Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kupunguza wanga na wakati huohuo aulinde moyo. Sina ugomvi na bugali. Wazee wetu wa Kabare na Walungu waliushiba, kisha wakashika jembe mpaka jua linazama. Sisi tunakula bonge lilelile, halafu tunapanda taxi-moto kutoka Nyawera mpaka Kadutu.

Hatua ya 1: Pima kabla hujagusa sufuria

Usianze kwa hamu ya mwezi wa kwanza wa mwaka. Anza na vipimo, maana bila namba za mwanzo hutajua kama chakula kipya kinakusaidia au kinakuumiza.

Vipimo vya lazima ni tansio, sukari ya asubuhi kabla ya kula, kolesteroli (dai uandikiwe LDL, ile inayoziba mishipa, HDL, ile inayoisafisha, na trigliseridi, mafuta mengine ya damu, kila moja peke yake, maana jumla moja haisemi mengi), na kreatinini ya kuangalia figo. Nyumbani chukua kamba, pima kiuno chako kwenye usawa wa kitovu, kisha pima urefu wako kwa kamba na uikunje katikati upate nusu. Kiuno kikizidi nusu ya urefu, mafuta yamekaa tumboni, na hayo ndiyo yanayousumbua moyo kuliko ya mapajani. Kipimo hiki hakina gharama, na kinasema ukweli kuliko mizani ya barabarani.

Kama unatumia dawa, soma sehemu hii mara mbili.

Anayejidunga insulini au anayemeza glibenklamidi akikata wanga ghafla, sukari yake inaweza kushuka mpaka azimie. Dawa inaendelea kusukuma sukari chini, na chakula cha kuipandisha hakipo. Dozi inapaswa kupunguzwa na muganga wa hospitali kabla ya kupunguza bugali. Metformini peke yake haina hatari hiyo kwa kawaida. Dawa za sukari ambazo majina yake yanaishia na "gliflozini", zile ambazo mara nyingine ndugu wa Ulaya wanatuma kwenye sanduku, zinaweza kuleta asidi ya hatari katika damu kwa mtu asiyekula wanga, hata kama sukari yake inaonekana nzuri.

Mwenye dawa za tansio, hasa zile za kukojoza maji, ajipime mara kwa mara katika majuma ya kwanza. Wanga ukipungua mwili unatoa maji na chumvi, tansio inashuka, na dozi ya jana inaweza kuwa kubwa mno leo: unasimama, kichwa kinazunguka. Mwenye warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, asibadilishe ghafla wingi wa majani mabichi, maana vitamini K iliyomo inapambana na dawa ile. Si kwamba asile lengalenga. Ale kiasi kilekile kila siku, na muganga alinganishe dozi.

Mama mjamzito au anayenyonyesha, mtoto, mgonjwa wa figo, na mwenye diabeti ya aina ya kwanza wasifuate mwongozo huu bila muganga pembeni.

Hatua ya 2: Chagua kiwango, usiige ya intaneti

Kukata wanga hakukuanza na simu za mkononi. Mwaka 1863, mtu wa London aliyeitwa William Banting, ambaye kazi yake ilikuwa kuzika watu, aliwatangazia Waingereza kwamba amepungua kwa kuacha mkate, sukari, bia na viazi kwa ushauri wa daktari wake. Mwaka 1972 daktari wa moyo wa New York, Robert Atkins, aliwaambia Wamarekani karibu maneno hayohayo, akawaruhusu siagi na nyama bila kipimo. Tangu hapo mabishano hayajaisha.

Mtu anayekula bila kuhesabu hapa kwetu anaweza kufika gramu 300 za wanga kwa siku au kuzipita. Chini ya gramu 130 kwa kawaida ndiyo inaitwa wanga kidogo. Kati ya 20 na 50 ni ile njia kali ambayo mwili unachoma mafuta na kutengeneza ketoni. Mimi nashauri gramu 100 hadi 130, na njia kali naiacha kwa anayesimamiwa na muganga. Sababu ni ya jikoni. Chini ya gramu 50 lazima ufukuze maharagi na matunda mengi, na pengo ujaze kwa mafuta na nyama. Ukifukuza maharagi umefukuza nyuzinyuzi, na nyuzinyuzi ndizo zinazoshusha LDL.

Ushahidi nao unaelekea hukohuko. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani waliofuatilia wauguzi wanawake zaidi ya 82,000 kwa miaka 20 walikuta kwamba kula wanga kidogo peke yake hakukuwaongezea ugonjwa wa moyo wala hakukuwapunguzia. Wale walioziba pengo kwa mafuta na protini za mimea ndio waliopata ugonjwa huo kidogo zaidi. Mwaka 2018 utafiti mwingine wa Marekani, wa watu zaidi ya 15,000 waliofuatiliwa karibu miaka 25, ulionyesha kwamba walioweka nyama na mafuta ya wanyama mahali pa wanga walikufa mapema zaidi, na walioweka karanga, kunde na mboga waliishi zaidi. Hizi ni tafiti za kuwatazama watu wanavyokula wenyewe, si za kuwagawa kwa kura katika makundi yanayopewa vyakula tofauti, kwa hiyo hazimalizi ubishi. Lakini mwelekeo wake ni mmoja, nami ndio ninaoufuata hapa.

Hatua ya 3: Jua wanga umekaa wapi kwenye sahani yako

Bonge la bugali wa mihogo la gramu 400, ambalo mtu mzima mwenye njaa analimaliza bila kutambua, lina zaidi ya gramu 100 za wanga. Hapo umemaliza karibu siku nzima kwa mlo mmoja. Bugali wa mahindi haupishani sana nao. Wali una kama gramu 28 katika gramu 100 zilizoiva, ndizi za kupika karibu 30, viazi vya Masisi kama 20. Mihogo ya kuchemsha inapita yote, karibu 38. Kwa hiyo yule anayeacha bugali halafu anakula mihogo ya kuchemsha na chai hajapunguza kitu, amebadilisha sura tu.

Maharagi yana kama gramu 20 katika nusu kikombe kilichoiva, lakini gramu 7 hivi kati ya hizo ni nyuzinyuzi ambazo hazigeuki sukari. Karanga za mkono mmoja ni gramu 5. Nusu ya avoka kubwa haifiki 10, na nyingi ni nyuzinyuzi. Sambaza (samaki wadogo wa Ziwa Kivu), mayai, nyama: karibu sifuri. Lengalenga, sombe (majani ya mihogo), kabichi na biringanya zina wanga mdogo, huna haja ya kuzihesabu.

Uji wa sosoma (unga wa soya, mtama na mahindi) wengi wanaufikiria kuwa chakula cha afya kwa sababu tunawapa watoto. Kwa mtoto anayekua ni kizuri sana. Kwa mtu mzima wa miaka hamsini anayepunguza wanga, kikombe kikubwa cha uji wenye sukari ni bugali wa kunywa.

Hatua ya 4: Panga sahani upya

Nusu ya sahani mboga. Robo samaki, mayai, kuku au maharagi. Robo iliyobaki ndiyo ya bugali, na kipimo chake ni ngumi yako mwenyewe iliyofungwa, si ngumi ya mwanao anayecheza mpira. Ngumi hiyo ina kama gramu 40 za wanga. Bugali huo ule mara moja kwa siku, mchana ikiwezekana. Usiku weka maharagi au kipande cha boga mahali pake.

Kuna jambo ambalo vitabu vya Ulaya havilijui. Kwetu bugali ni chakula na ni kijiko pia. Tonge ndilo linalobeba sombe kwenda mdomoni. Ukiondoa bugali, mkono unabaki hauna kazi, na mtu anahisi hajala hata kama tumbo limejaa. Kwa hiyo, kwanza, fanya tonge dogo, ulibonyeze shimo refu zaidi, lichote mboga nyingi: ngumi moja inaweza kumaliza sahani nzima ya lengalenga. Pili, kwa mlo usio na bugali, kaa na uma au kijiko tangu mwanzo, usile kwa vidole. Tatu, tumia jani la kabichi lililochemshwa kidogo kama kifungio cha kuchotea samaki. Watoto watacheka, kisha wataomba.

Kama kwenu mnakula kwenye sahani moja kubwa, omba sahani yako pembeni. Katika sahani ya pamoja hakuna anayejua amekula kiasi gani.

Hatua ya 5: Mafuta, hapa ndipo moyo unapookolewa au kuuzwa

Mafuta yote yana nguvu sawa, kalori 9 kwa gramu, lakini moyo hauyapokei sawasawa. Yale yanayoganda kwenye baridi yanapandisha LDL. Yale yanayobaki maji, mengi yao yanaishusha yakichukua nafasi ya yanayoganda. Asubuhi ya Bukavu, katika mwinuko wa mita 1,500 hivi, chupa ya mawese iliyoachwa dirishani inajieleza yenyewe: imekuwa nzito, nusu yake imeganda. Karibu nusu ya mawese ni mafuta ya aina hiyo.

Fanya hesabu. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta ya kuganda yasizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku. Kwa mtu anayekula kalori 2,000, hiyo ni kama gramu 22. Kijiko kikubwa cha mawese kina gramu 7 hivi. Vijiko vitatu, siku imekwisha, na bado hujagusa nyama, maziwa wala yai. Sasa kumbuka sombe ya sikukuu, ile inayong'aa nyekundu mpaka ukingoni mwa sufuria.

Sisemi mawese yatoke jikoni. Yana karotini nyingi ambayo mwili unaigeuza vitamini A, na sombe isiyo na mawese kabisa, tuseme ukweli, ni adhabu. Pima kijiko kimoja kikubwa kwa kila watu wawili, utie mwishoni ili harufu ikae juu. Unene wa mchuzi utoke kwenye karanga za kusaga. Usiyachome mpaka yawe meupe kama wengine wanavyopenda: unapoteza karotini yote, mafuta ya kuganda yanabaki palepale.

Kwa kupika kila siku, alizeti, soya au ya karanga yanafaa zaidi. Ya zeituni ni mazuri sana, lakini bei yake hapa ni ya watu wachache, na avoka inakupa mafuta ya aina ileile kwa bei ya mama wa Kadutu. Wakati wa msimu, nusu avoka kila mlo ni mafuta yako ya zeituni. Siagi na mafuta ya ng'ombe viwe vya kuonja. Margarini ngumu za bei rahisi soma karatasi yake: ukiona neno "hydrogéné", rudisha kwenye rafu. Na mafuta yaliyokaangia maandazi tangu asubuhi mpaka yamekuwa meusi, usinunue chochote kilichotoka humo.

Karanga nunua zilizo safi. Zenye ukungu au uchungu zina sumu ya aflatoksini inayoharibu ini, na kuzikaanga hakuiondoi yote.

Hatua ya 6: Samaki mbele, nyama nyuma

Kama kuna mji ambao hauna sababu ya kulilia salmoni wa Wazungu, ni huu. Sambaza ni wa ukoo wa sardini. Waliletwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja inatoka kila jioni na taa zake kuwavua. Wana omega-3, mafuta yanayoshusha trigliseridi, na kwa kuwa tunawala wazima na mifupa, wanatupa kalsiamu pia. Shirika la Moyo la Marekani linashauri samaki wa mafuta mara mbili kwa juma. Hapa mara nne haishangazi mtu.

Tatizo ni karai. Sambaza wa kuchovya katika unga na kukaangwa kwenye mafuta marefu wanabeba wanga wa unga na mafuta mara mbili ya yale waliyozaliwa nayo. Wapike hivi: osha, kamua limao, acha kidogo. Kwenye sufuria pana tia kijiko kimoja cha mafuta, kitunguu, nyanya nyingi, seleri, tangawizi na pilipili. Mchuzi ukishakuwa mzito, panga sambaza juu, funika, moto mdogo, usikoroge maana watavunjika. Dakika kumi zinatosha. Wakikaushwa juani, waloweke kwanza kwenye maji ya vuguvugu, hasa kama wametiwa chumvi. Ndagala wa Uvira vilevile.

Makayabu ni samaki, ndiyo, lakini amehifadhiwa kwa chumvi tupu. Mwenye tansio amwache, au amloweke usiku kucha akibadilisha maji, na bado ale kidogo.

Maharagi na yai ndivyo vinavyobeba mfuko. Nasema hivi kwa sababu kupunguza bugali kuna gharama ambayo waandishi wa Ulaya hawaitaji: bugali ndio chakula kinachoshibisha kwa pesa ndogo, na kila kitu kinachochukua nafasi yake ni ghali kuliko wenyewe. Familia yenye watoto saba haiwezi kubadilisha bonge kwa tilapia. Inaweza kubadilisha nusu ya bonge kwa maharagi na lengalenga, na pesa ya soda ikanunua mayai. Yai moja kwa siku halina shida kwa watu wengi. Mwenye diabeti au LDL ya juu asizidishe.

Mchopo wa mbuzi: mbuzi si mnono kama ng'ombe au nguruwe, kwa hiyo mara moja kwa juma, vipande visivyo na mafuta, chumvi kidogo, kachumbari nyingi, hauna kosa kubwa. Kosa linakuja na ndizi za kukaanga pembeni, mayonezi juu, na chupa mbili za bia. Sosisi na nyama za kopo ziondoe kabisa. Kuku mtoe ngozi. Jibini ya Masisi ni tamu na haina wanga, na ndiyo maana wanaokata wanga wanajikuta wanaila kama mkate. Kipande cha gramu 30 kina gramu 5 hivi za mafuta ya kuganda, pamoja na chumvi. Kipande kimoja, si pande.

Hatua ya 7: Vinywaji

Hapa sina maneno mengi. Soda ya sentilita 33 ina kama gramu 35 za sukari. Juisi ya marakuja yenye sukari haiko mbali. Chai yenye vijiko vitatu vya sukari mara tatu kwa siku ni gramu 36. Bia kubwa ya sentilita 72 ina wanga wa gramu 20 hadi 30, na alkoholi inapandisha trigliseridi na tansio juu yake. Kasiksi ni sukari ya ndizi iliyochachuka. Kunywa maji, chai ya rangi isiyo na sukari yenye tangawizi, kahawa. Punguza sukari kijiko kimoja kila juma, ulimi unazoea. Maziwa ya mgando yasiyotiwa sukari, kikombe kimoja, yana kama gramu 10 hadi 12 za wanga na yanafaa.

Hatua ya 8: Majuma ya kwanza, na chumvi

Siku chache za mwanzo utaumwa kichwa, utachoka, utaenda haja kwa shida. Kunywa maji zaidi, kula mboga zaidi, na usikate wanga wote kwa siku moja: wiki ya kwanza ondoa vinywaji vitamu na mkate wa asubuhi, wiki ya pili punguza bonge la usiku, wiki ya tatu la mchana. Anayeshuka ngazi moja moja haanguki.

Mtandaoni utasoma kwamba dawa ya uchovu huo ni kunywa mchuzi wenye chumvi nyingi. Kwa kijana asiye na tansio pengine. Kwa mtu wa tansio ni ushauri mbaya, asifanye bila kuulizia. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kidogo kimoja kwa vyote: sufuria, kachumbari, samaki mkavu, na vile vidonge vya mchuzi ambavyo karibu kila jiko la Bukavu linavibomoa viwili viwili. Kidonge kimoja sehemu yake kubwa ni chumvi. Ukikitia, usitie chumvi nyingine. Vitunguu saumu, limao, seleri na pilipili vinafanya kazi nzuri zaidi.

Kutembea kunasaidia, na mji huu umejengwa kwa ajili hiyo. Dakika 150 za mwendo wa haraka kwa juma ndicho kiwango kinachoshauriwa, na mlima wa kupanda Kadutu unahesabika kuliko barabara ya tambarare. Mwenye ugonjwa wa moyo unaojulikana aulize kwanza mlima gani unamfaa.

Siku moja, kwa mfano

Asubuhi: yai moja la kuchemsha pamoja na nusu ya avoka, nyanya na kitunguu, chai ya tangawizi isiyo na sukari. Mchana: bugali wa ngumi moja, sahani ya lengalenga, sambaza wa mchuzi. Saa kumi: karanga za mkono mmoja, au ndizi ndogo moja, au kipande cha nanasi la Idjwi kinacholingana na kiganja. Usiku: nusu kikombe cha maharagi, kabichi na karoti za kuchemsha kidogo, sombe ya karanga, maziwa ya mgando kikombe kimoja. Ukihesabu utakuta kati ya gramu 100 na 130.

Sombe ipondwe vizuri na ichemke muda mrefu bila kufunikwa kabla ya kutia viungo, maana majani ya mihogo mabichi yana sumu. Mama zetu wanalijua hili. Nawaandikia vijana wanaonunua iliyosagwa kwa mashine na kuiharakisha kwenye gesi.

Hatua ya 9: Watu

Chakula si sahani tu. Ukienda matanga au kwa wakwe ukaacha bugali, utaulizwa.

"Mama, umekasirika? Hata bugali haugusi."

"Hapana, mama. Muganga ameniambia nipunguze. Niongezee sombe, hiyo yako nimeipenda."

Jibu la namna hiyo linaokoa heshima ya aliyepika. Usihubiri mezani kuhusu wanga, na usimwonyeshe mwenye nyumba jinsi mawese yanavyoganda. Kwenye harusi kula kwanza mboga na samaki, chukua bugali au wali wa ngumi mwishoni, uumalize, usiuache. Kuacha chakula cha mtu kunauma kuliko kuomba kidogo tangu mwanzo. Na kama wewe ndiye unayepikia nyumba nzima, usiwanyime watoto. Wanakua, wanakimbia, wanga ni wao.

Watakaokuambia umekonda, una ugonjwa, watakuwepo. Mtu mwenye kitambi hapa bado anaonekana mwenye mafanikio. Waonyeshe namba za tansio, wataacha.

Hatua ya 10: Rudi maabara baada ya miezi mitatu

Mapema kuliko hapo kolesteroli haijatulia, na kipimo cha sukari ya miezi mitatu, ile hemoglobini iliyoshika sukari, hakitakuambia kitu. Tazama namba moja moja.

Trigliseridi kushuka na HDL kupanda ndiyo kawaida kwa waliokata wanga. Furahi. LDL ndiyo ya kuangalia kwa jicho kali: kwa wengine haibadiliki, kwa wengine inashuka, na kwa wachache inapanda sana, hasa wanaokata wanga karibu wote na kula mafuta ya wanyama. Usikubali maneno kwamba LDL ya juu haina maana kama umepungua kilo. Ikiwa imepanda, rudisha maharagi mara mbili kwa siku, toa jibini na nyama nyekundu, punguza mawese mpaka kijiko kimoja kwa sufuria nzima, rudisha bugali kidogo kama ulikuwa umeuacha kabisa, kisha upime tena baada ya miezi miwili au mitatu. Ikifika 190 mg/dl au zaidi, usingoje jiko likutibu, hiyo ni kazi ya dawa na muganga.

Na siku yoyote ukisikia kifua kinabana, maumivu yakienda mkono wa kushoto au taya, pumzi ikakatika, jasho baridi likatoka, usiseme ni gesi ya maharagi, wala usinywe maji ya limao ukasubiri. Mwambie aliye karibu akupeleke hospitali saa hiyohiyo, na usipande mlima kwa miguu.